Picha Ambayo Mama Angezikwa Nayo

Maneno yote yalianzia kwenye mazishi ya mjomba wangu, kakake mama. Alikufa mzee, kitandani mwake, watoto wamemzunguka, na hakuna aliyekuwa na la kulalamikia mpaka programu ya mazishi ilipogawiwa. Ukurasa wa kwanza, mjomba alikuwa anatabasamu vizuri sana ndani ya suti ya kijivu, na begani mwake kulikuwa na mkono wa mtu. Mkono tu. Vidole vinne vya mwanamke, kucha nyekundu, na pete. Mjomba hakuwahi kupigwa picha akiwa peke yake maisha yake yote, kwa hiyo watoto walikuwa wamemkata kutoka kwenye picha ya harusi fulani, na mwenye mkono alikatwa lakini mkono wake ukabaki.

Basi hema nzima ikaacha kumsikiliza mhubiri ikaanza kuulizana ni mkono wa nani. Mjane, ambaye kucha zake hazijawahi kuona rangi tangu azaliwe, aliikunja programu yake akaikalia. Mimi nilikuwa nauma ulimi nisicheke. Mama, aliyekaa kando yangu, hakuona kichekesho chochote. Aliutazama ule mkono mpaka maombi ya mwisho, kisha akaniinamia.

"Mimi sitazikwa na mkono ya mtu," akasema. "Umesikia, baba?"

Mama huniita baba kwa sababu mimi ni mwanawe wa pili, na kwetu kijana wa pili hupewa jina la babake mama. Akifurahi ananibembeleza kama mtoto, na akikasirika ananikaripia kwa adabu, maana hata yeye anakumbuka anaongea na babake. Nyumbani tunaongea Kikuyu. Lakini mama alipika miaka mingi kwenye kantini pale Kiganjo, akiwapakulia makurutu wa polisi ugali na maharagwe, na Kiswahili chake alikitoa huko. Ni Kiswahili cha kuamrisha. Akikianza, jua hakuombi.

Amri yenyewe ilikuwa hii: nimpige picha moja ya kweli, ya karatasi, akiwa peke yake, mlima wetu wenye barafu nyuma yake, viatu vikionekana. Ataiweka kwenye sanduku lake la chuma pamoja na hati ya shamba, ili siku yake ikifika mtu asianze kukatakata harusi za watu.

"Na si ya simu," akaongeza. "Simu zenu zinaanguka kwa choo, picha inaenda nayo."

Nilifurahi, nakiri, ingawa picha yenyewe ilikuwa ya mazishi. Mimi hupiga picha kwa kamera ya zamani, ya chuma tupu, isiyo na betri wala kioo cha kukuonyesha ulichopiga. Niliipata Nyeri mjini, kwa familia ya Wahindi waliokuwa wanafunga studio iliyofunguliwa na babu yao. Tangu hapo nikipata nafasi naingia kwenye gari langu dogo nazunguka: Karatina, Othaya, Mweiga, Naro Moru, Nanyuki. Filamu moja ina picha thelathini na sita, basi, na huwezi kuona hata moja mpaka isafishwe Nairobi. Kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwa ukoo mzima ni ugonjwa. Nilikuwa nikirudi na picha za milango ya mbao, mabango ya maduka yaliyopauka, magunia ya viazi yamejipanga, na mama akizipitia moja moja anauliza, "Na watu walikuwa wameenda wapi?"

Sasa mama mwenyewe alikuwa anaitaka kamera yangu. Nilijiona fundi.

Tulichagua Jumamosi. Mama anaishi Gatitu, na nilipofika asubuhi alikuwa tayari amesimama mlangoni, sare ya bluu ya akina mama wa kanisa imepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, kitambaa cheupe kichwani, skafu imezungushwa shingoni, viatu vyeusi vinang'aa. Nilisema niweke filamu kwanza, tunywe chai, tuondoke. Akaniambia chai ni ya watu wasio na kazi.

"Mlima iko wazi saa hii! Ukikunywa chai itajifunika!"

Kuweka filamu kwenye kamera hizi si kazi ngumu, ila haitaki kuharakishwa. Unaingiza ulimi wa filamu kwenye mwanya wa kijiti cha kulia, unavuta kidogo, unahakikisha umeshika, ndipo unafunga mgongo. Kisha unachungulia kidude cha juu upande wa kushoto. Ukivuta filamu nacho kikazunguka, uko sawa. Bibi wa ile studio alinirudia hilo mara tatu siku ananiuzia, kidole kikinipigapiga kifuani. Asubuhi hiyo niliweka filamu juu ya boneti ya gari, mama akinihesabia mawingu. Nikafunga mgongo, nikavuta, nikaingia kazini.

Picha ya kwanza tuliipigia hapo hapo Gatitu, kwenye ua wa miiba ya kaiyaba. Mama alisimama kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akisimama mbele ya kamera. Visigino pamoja, mikono ubavuni, kidevu juu, tumbo limevutwa ndani. Nikamwambia alegee kidogo.

"Nilegee kwa nini? Umewahi kuona kurutu akilegea siku ya kumaliza?"

Alikuwa ameshuhudia makurutu wengi wakipigwa picha ya kuhitimu, na kwa akili yake hiyo ndiyo picha. Nikapiga mbili. Tatizo ni kwamba mlima uko mashariki yetu. Asubuhi uko wazi, lakini jua linatokea upande huo huo, kwa hiyo mtu akisimama mbele yake uso unakuwa giza kama sufuria ya githeri. Jioni jua linaupiga vizuri, lakini saa hiyo nao mara nyingi umeshajifunika. Nilimweleza mama. Akaniambia basi tuufuate mpaka utakapokaa vizuri, kana kwamba ni ng'ombe aliyetoroka.

Tukaufuata. Kiganjo alisimama chini ya mikaratusi, karibu na barabara aliyokuwa akipita kwenda kazini, na mwanamke wa kibanda cha mboga akamtambua akapiga kelele, "Haiya! Umekuwa mrembo hivi unaenda kuolewa?"

"Naenda kupigwa picha ya mazishi," mama akamjibu.

"Ya nani?"

"Yangu."

Yule mwanamke aliweka sukuma wiki chini akajishika mdomo. Mama akageuka kwangu, akavuta tumbo. "Piga, baba, kabla sijapumua." Nikapiga tano, na nilikuwa nacheka hata kamera ikatikisika.

Tukaendelea hivyo. Popote mlima ulipochungulia, alipiga dashibodi kwa kiganja nikasimamisha gari, akashuka, akapanguza viatu kwa leso, akasimama kama askari. Ukijificha, anarudi garini analalamika. Nilikuwa sijakaa na mama siku nzima namna hiyo tangu nikiwa mdogo. Alinionyesha shamba ambalo babu alikataa kununua akidai ni la baridi, na sasa lina hoteli. Aliimba. Alikula ndizi tatu na kunikataza kula moja, nisije nikashika kamera na mikono ya kunata.

Naro Moru tuliingia hoteli kupata chai, maana hata yeye sasa alikuwa anaitaka. Kulikuwa na joto ndani, akalegeza skafu. Ndipo nikaona. Chini ya koo, upande wa kulia, palikuwa na uvimbe kama yai la kuku.

Alinikuta natazama.

"Ndiyo," akasema, akichovya chapati. "Ni hiyo. Jumatano naenda kupasuliwa. Watatoa, wapeleke wapime wajue ni nini."

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Si ndio nakwambia."

Chai ilinipalia. Nikamuuliza ni lini aliuona, akasema ni kitambo. Nikamuuliza daktari amesema nini, akasema madaktari wanasema mambo mengi. Nikaanza kuhisi macho yananichoma, na yeye akasukuma sahani ya chapati upande wangu.

"Usianze kulia kwa hoteli ya wenyewe. Kula. Wewe kazi yako ni picha."

Nilikula ile chapati bila kujua ina ladha gani. Niliogopa sana, sitaficha. Sasa nilielewa haraka yake ya asubuhi. Ile picha haikuwa ya siku moja huko mbele, ilikuwa ya wiki ijayo ikibidi, na mtu wa kuipata au kuikosa nilikuwa mimi. Tulipotoka nje nilikuwa nashika kamera kwa mikono miwili.

Kwenye ubao wa ikweta, kabla tu ya Nanyuki, kulikuwa na wageni wamejaa, na jamaa mmoja mwenye karai akataka kumwonyesha mama jinsi maji yanavyozunguka upande huu na upande ule. Mama akamwambia maji amezungusha kwenye sufuria miaka thelathini, hayo hayawezi kumshangaza. Nikapiga nyingine hapo. Nikapiga kulia, nikapiga kushoto, nikapiga nimechuchumaa. Nilikuwa nimeacha kuhesabu, na mimi ni mtu wa kuhesabu.

Tulifika Nanyuki mlima ukiwa umefunikwa kabisa. Tukapita mjini, wanajeshi wa kigeni wakinunua miwani ya jua, tukatoka upande wa pili mpaka kwenye uwanja wenye nyasi fupi ambao naujua. Tukangoja. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Kupoteza muda nikapiga moja ya mama amekaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi. Nikavuta filamu, nikatupa jicho kwenye kihesabu cha picha. Kilikuwa kinasoma thelathini na nane.

Mtu asiyejua filamu hataelewa jinsi nilivyoshtuka. Filamu ya thelathini na sita inaweza kukupa thelathini na saba ukiwa na bahati. Kisha inagota. Hii haikuwa imegota. Kimkono cha kuvutia filamu kilikuwa kinakwenda laini, kitamu, kama kisichovuta kitu. Nikavuta tena nikiangalia kile kidude cha kushoto. Hakikutikisika hata kidogo.

Nikazunguka nyuma ya gari, nikajifunika koti, nikafungua mgongo wa kamera. Ulimi wa filamu ulikuwa umelala pale pale nilipouacha Gatitu. Haukuwa umeshika. Tangu asubuhi nilikuwa nabonyeza kamera tupu.

Ngai! Nilitamani ardhi inimeze, mimi na kamera. Kosa la mtu wa siku ya kwanza, na nimelifanya siku hiyo katika siku zote. Nikafikiria kunyamaza. Ningeweza kuweka filamu upya, nipige chache, nimwambie zile nyingine hazikutoka vizuri, na asingejua maisha. Nilisimama hapo nyuma ya gari nikiwa na uongo tayari mdomoni. Lakini nilikumbuka alivyopanguza vile viatu kila tukisimama, nikashindwa.

"Mama," nikasema. "Filamu haikushika."

"Haikushika nini?"

"Haikuwa inazunguka. Hakuna picha hata moja."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kwa hivyo kutoka asubuhi nimekuwa nikisimama tu."

"Ndiyo, mama."

"Gatitu, nikasimama tu. Kiganjo, mbele ya watu wa mboga, nikasimama tu."

"Ndiyo."

"Na tumbo nimevuta?"

Mdomo wake ulianza kutetemeka, nikadhani sasa ni kilio, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Alicheka mpaka kitambaa kikateleza kichwani. "Ati nimevuta tumbo ya bure! Baba, wewe! Woi, mbavu zangu!" Nami nikaanza, nikacheka na machozi yakawa yananitoka, na sijui ni ya nini hasa. Alipomaliza alijipanguza macho kwa ile leso ya viatu.

"Haya," akasema. "Sasa weka vizuri. Mimi sisemi kitu. Hata sikuangalii."

Kweli hakuniangalia. Aligeukia upande wa mlima akanipa mgongo, nami nikachukua muda wangu. Nikaingiza ulimi, nikavuta, nikahakikisha, nikafunga, nikavuta tena, na kidude kikazunguka. Nikakiangalia kikizunguka mara tatu. Nikainua uso kumwambia, na sikuhitaji. Wingu lilikuwa linashuka kama mtu anayevua koti, na mlima ulikuwa umesimama wote, mpaka kile kibarafu kilichobaki juu, jua la jioni likiupiga kutoka ubavuni.

"Mama! Simama!"

Alikuwa ameshasimama. Mwanga ulikuwa umeanza kupungua, kwa hiyo niliiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikasogea kando, nikashika ule waya mrefu wa kubonyezea ili nisiitikise. Nilimwambia asipumue. Nikabonyeza. Nikavuta, kidude kikazunguka. Nikabonyeza ya pili. Nilipotaka kubonyeza ya tatu wingu lilikuwa limerudi.

Njiani kurudi alilala, viatu mkononi.

Jumatano alipasuliwa. Sitasimulia saa zile za kungoja kwenye benchi, ila niseme tu kwamba nilisoma tangazo moja la kunawa mikono mpaka nikalijua kwa moyo. Alitoka salama. Baada ya siku kadhaa daktari akasema lile yai halikuwa kile kitu kibaya tulichokuwa tunakiogopa wote na kukataa kukitaja. Nilikimbia nje nikapiga kelele katikati ya maegesho, mlinzi akaja kuniuliza kama nimeibiwa.

Picha zilirudi kutoka Nairobi wakati mama bado yuko na bandeji. Ya kwanza ilikuwa ndiyo. Nimepiga picha miaka yote hii na sijapiga nyingine iliyoikaribia. Mlima umetulia, nyasi zimeshika dhahabu, sare ya bluu imekaa imara katikati, viatu viwili vyeusi na nukta ya mwanga juu ya kila kimoja. Niliwaonyesha wenzangu wa kamera za zamani kwenye simu, wakaniuliza nilipima mwanga vipi, nikawaeleza kwa kirefu, nikijigamba. Nikaiagizia nakala kubwa, nikaitia fremu. Wiki tatu nzima nilikuwa nikiitoa kwenye mfuko na kuirudisha.

Nikaipeleka Gatitu. Mama alikuwa amekaa nje juani, anachambua maharagwe. Akavaa miwani, akaishika mbali, akaileta karibu. Nikaanza kumweleza. Nikamwonyesha viatu. Nikamwonyesha barafu. Nikamwambia watu wa mpaka ng'ambo wameisifu.

"Mlima imetoka vizuri," akasema.

"Na wewe?"

Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya uso wake.

"Huyu mama anaogopa."

"Wapi? Umesimama kama askari!"

"Angalia macho. Kamera ilikuwa hapa." Akagusa ubavu wa fremu, kisha akasogeza kidole kando kidogo. "Wewe ulikuwa hapa, na kale kawaya kako. Siangalii kamera, baba. Nakuangalia wewe. Naangalia kama bado uko."

Aliniwekea ile fremu mapajani, akarudi kwenye maharagwe yake.

"Hii wakiweka mbele ya jeneza, watu wote wataona niliondoka nikiogopa. Sitaki. Tafuta filamu ingine, nikipona vizuri twende tena."

Nikainamia picha. Alikuwa anasema kweli. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeikagua kwa lenzi ya kukuzia, nimehesabu mpaka nyasi, na sikuwa nimeona kwamba mama alikuwa ananitazama mimi.